Ushauri wa hadithi fupi unavyofanya kazi kwenye picha na video

Mkuu, umeuliza kama ushauri wa kuandika hadithi fupi unaweza kukusaidia kwenye video yako ya soko la Mbuyuni. Mimi ni mpiga picha hapahapa Moshi. Unasaidia sana, ila siyo wote.

Ulionifaa kuliko yote ni wa zamani. Mwaka 1842 Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika kwamba hadithi fupi inafaa isomwe kwa kikao kimoja, na kila neno lijenge hisia moja ambayo mwandishi ameichagua mapema. Nilipokwenda kupiga picha za msimu wa kahawa kule Kibosho, nilichagua subira. Kuanzia hapo ikawa rahisi kuchuja. Nilikuwa na picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi, theluji inang'aa juu ya migomba. Nzuri mno, naipenda mpaka leo, lakini subira haimo, kwa hiyo nikaiweka kando. Iliyobaki ni mikono ya mama akichambua kahawa kwenye kichanja cha kuanikia, punje moja moja, jua limeshakuwa kali.

Kuna na ule wa kuanzia karibu na mwisho. Kahawa ina safari ndefu: kuchuma, kumenya, kuchachusha, kuosha, kuanika. Wengi huanza na mti. Mimi nilianza kichanjani, nikarudi nyuma mara moja tu, kwenye kikapu cha matunda mekundu. Mtazamaji anajazia mwenyewe. Hata wanaochana, yaani wasanii wa rap, wanalijua hili: ubeti wa mistari 16 hauna nafasi ya kueleza ukoo wa mhusika.

Ninaoupinga ni "onyesha, usieleze". Mwandishi anahangaika ili kitu kionekane, lakini kamera inaonyesha kila kitu bila kuombwa: ndoo, waya wa umeme, bango la simu. Kazi yetu sisi ni kuficha. Nachuchumaa, nasogea, nangoja mtu apite, mpaka ndani ya fremu kibaki cha lazima tu. Kwenye video utapambana na sauti pia, pikipiki hasa.

Kwa hiyo Mbuyuni ningeanza jioni, wauzaji wakifunga mizigo. Ila kabla hujawasha kamera amua: unataka tuuhisi uchovu wao au uchangamfu wao? Chagua kimoja, halafu utuwekee hapa vipande vya kwanza tuvitazame.