Jibu: Natubu, kisha narudia dhambi ile ile

Ndugu, umeuliza kwa nini unatubu picha za ngono usiku, na wiki haiishi umerudia. Toba yako huenda ni ya kweli kabisa. Shida ni simu unayolala nayo kitandani. 1 Wakorintho 10:13 inataja mlango wa kutokea wakati wa jaribu, na mlango huo hutumika mapema, kabla tamaa haijawaka. Basi simu ichajiwe sebuleni, saa ya kengele ikuamshe. Kisha Yakobo 5:16 inatuambia tuungamiane dhambi: chagua mtu mmoja mkomavu, wa jinsia yako, asiye na mdomo, umtajie tendo lenyewe. "Niombee, nina udhaifu" ni kujificha kwa lugha ya kanisani. Ukianguka, mpigie siku hiyo hiyo, na usali hivyo hivyo ulivyo. Wengi husubiri kwanza wajisikie safi, wakapotea mwezi mzima.