Kabla Hujafungua Biblia Mlangoni kwa Mtu, Mtazame

Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii kijana mmoja anayeongoza timu ya uinjilisti kanisani kwao, huko Mwanza, ameniandikia ujumbe mrefu. Wamefunga na kuomba, wamekodi spika, wamepita nyumba kwa nyumba, na karibu kila mlango wanajibiwa "sisi tunasali" au "mwenye nyumba hayupo". Akamalizia: "Mtumishi, watu wa mtaa huu mioyo yao ni migumu. Tufanyeje?"

Swali hilo limenigusa, kwa sababu na mimi niliwahi kuitwa mtu mwenye moyo mgumu.

Mama yangu aliugua saratani, nikawa namuuguza katika hospitali moja ya rufaa. Kila jioni, saa ya kuona wagonjwa, vikundi vya maombi vilikuwa vinaingia wodini. Siku moja kikundi kimoja kikasimama miguuni pa kitanda chake. Hawakumuuliza jina, wala usiku ulikuwaje. Kiongozi wao alianza kwa kumuuliza mama kwamba akifa usiku ule atakwenda wapi, kisha akamwambia kwamba angekuwa na imani asingekuwa bado kitandani. Mama yangu! Mwanakwaya tangu usichana wake, aliyekuwa akidamka kufagia kanisa kabla ya ibada ya kwanza. Akawageuzia mgongo, akatazama ukuta. Wao wakahamia kitanda kinachofuata. Niliwafuata hadi koridoni nikawaambia wasirudi, na hapo ndipo nilipoambiwa kuhusu moyo wangu. Nimewasamehe, lakini nikiandika haya koo bado linanikaba.

Aliyenileta kwa Yesu ni dada mmoja aliyekuwa akimuuguza mdogo wake kitanda cha jirani. Alifua kanga za mama pamoja na za mgonjwa wake bila kuombwa. Akinikuta nimesinzia kwenye benchi la nje, haniamshi, anakwenda mwenyewe kumgeuza mama, na kabla hajamshika anamwambia, "Mama, shikamoo, naomba nikulaze upande wa pili." Kumbuka mama wakati huo alikuwa hajibu tena. Dada yule hakunihubiria hata mara moja. Mimi ndiye niliyemuuliza, "Dada, kwani wewe unasali wapi?" Mama alipofariki, alipanda basi akaja msibani kwetu, akakaa mkekani na shangazi zangu ambao hakuwahi kuwaona, akamenya vitunguu. Tulipomaliza arobaini ya mama nilikwenda kanisani kwao, na sijarudi nyuma mpaka leo.

Sasa naongoza huduma ya kutembelea wagonjwa, na nasema kwa fahari katika Bwana: Pasaka iliyopita tulibatiza watu ambao mwanzoni walitufukuza kabisa. Kwa hiyo kijana wangu, na wewe mwenye mzigo wa roho kama wetu, nisikilize.

Soma Mathayo 9 ule mwishoni. Sisi wainjilisti tunapenda mstari wa mavuno mengi na watenda kazi wachache, tunauimba kila semina. Lakini mstari unaotangulia unasema Yesu aliwaona makutano, akawahurumia, kwa sababu walikuwa wamechoka. Kuona kwanza, huruma ikafuata, habari ya mavuno ikaja baadaye. Wewe unaanzia kwenye mavuno, halafu unashangaa kwa nini milango inafungwa.

Halafu tazama mjane wa Naini, Luka 7. Hakuomba chochote, hakuulizwa kuhusu imani yake. Anamzika mwanawe wa pekee, Bwana anamwona na kumwambia asilie. Nenda na Luka 17: wakoma kumi walitakasika, akarudi mmoja kushukuru, naye Msamaria. Wale tisa hawakurudishiwa ukoma. Huruma siyo chambo, ndugu yangu. Kama unapeleka unga na sabuni ili mtu aje Jumapili, na asipokuja unaacha kwenda kwake, hukumhurumia, ulitaka kumnunua. Na hizo picha mnazopiga mkimkabidhi bibi mche wa sabuni, acheni. Nalisema hili kwa uchungu.

Hata historia yetu inafundisha. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawapa makazi, shule na kazi. Ile ilikuwa huruma ya kweli, na Ukristo wa bara unadaiwa shukrani na Bagamoyo. Lakini waliokombolewa waliishi chini ya ratiba kali ya misheni, na baadhi yao walitoroka. Mtu uliyemtoa kwenye minyororo bado anataka kuulizwa moyo wake unataka nini. Usidhani kwa kuwa umemsaidia, umemmiliki.

Basi anza kwa kumtazama mtu. Jua jina lake. Jua ana mgonjwa ndani, ana msiba, anadaiwa kodi ya nyumba, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango. Kaa, sikiliza, rudi tena kesho kutwa bila spika. Akiuliza unasali wapi, mwambie kwa furaha na umshuhudie Kristo bila kuficha, maana huruma isiyolitaja Jina nayo imebakiza kazi. Asipouliza, endelea kwenda. Mwombee kwa jina lake ukiwa nyumbani kwako.

Na ukienda hospitali, muulize nesi kwanza kama mgonjwa anaweza kuonwa. Vuta kiti ukae, usimsimamie mtu aliyelala. Omba kwa sauti ya chini, kwa ruhusa yake, kwa muda mfupi, maana maumivu hayasubiri dakika zako za upako. Msalimie na anayemuuguza, muulize kama amekula. Na usimwambie mgonjwa yeyote, hata ukijisikia umejaa imani namna gani, kwamba aache dawa.