Safari ya klabu ya skii huanzia kwenye fomu

Msimu wangu wa kwanza katika klabu ya skii, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, nilidanganya kwenye fomu ya safari. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: uwezo wako ni upi? Chini yake palikuwa na visanduku vinne, vilivyotaja rangi zinazoonyesha ugumu wa njia za mlimani. Sijawahi kuvaa skii. Nashuka njia za kijani na buluu. Nashuka njia nyekundu bila shida. Nashuka popote. Mimi nilikuwa nimefundishwa siku tatu tu, mwaka mzima nyuma. Lakini rafiki zangu wawili walikwisha kutia alama kisanduku cha tatu, na sikutaka kutenganishwa nao. Nikatia alama hapo hapo.

Tulipofika mlimani na kwenda kukodi vifaa, nikaulizwa tena: uzito, urefu, umri, kiwango. Wenzangu walikuwa nyuma yangu kwenye foleni wakisikia kila kitu, nikarudia uongo ule ule. Sikujua maswali yale yalikuwa ya kazi gani. Vile vishikio vinavyobana buti kwenye skii vimetengenezwa ili vifyatuke unapoanguka, mguu utoke kabla goti halijapindwa. Fundi huvirekebisha kwa kutumia uzito wako, urefu wako, umri wako, urefu wa soli ya buti na jinsi unavyoteleza. Anayejitaja kuwa mjuzi huwekewa namba ya juu, kwa kuwa mjuzi hushuka kwa kasi na hataki skii imtoke bila sababu. Mimi niliyekuwa nakwenda polepole na kuanguka ovyo nikafungwa miguu kama mjuzi.

Siku ya pili, saa nane mchana, kundi letu liliingia njia nyekundu iliyokuwa kivulini. Asubuhi theluji ilikuwa laini. Kufikia saa hiyo mamia ya watu walikwisha kuipitia na kuisugua hadi ikabaki barafu ya kijivu inayong'aa. Zamu ya kwanza nikageuka vizuri. Ya pili nikaegemea nyuma kwa woga, skii zikanikimbia, nikaanguka kiubavu na kuburuzwa. Skii ya kushoto haikufyatuka. Niliusikia mguu ukibaki nyuma huku mwili ukienda mbele, kisha maumivu ndani ya goti.

Kiongozi wetu, mama mmoja wa makamo, alipanda kiubavu hatua kwa hatua hadi nilipokuwa. Hakunikaripia. Aliligusa goti, akaniuliza kama naweza kulikunja, akanisimamisha. Kisha akasema, "Mwanangu, bonde liache. Tazama buti zangu." Akanifundisha papo hapo jambo ambalo mtu anayeanza alipaswa kulijua kabla ya kuletwa pale: kushuka kiubavu. Unaziweka skii zote mbili zikatize mteremko, uzito wako mwingi ukiwa juu ya ile ya chini. Kingo za chuma zinang'ata, unasimama. Ukiyalaza magoti kidogo tu kuelekea bondeni, kingo zinaachia na unateleza taratibu kama droo inayofunguka. Ukiyarudisha upande wa mlima, unasimama tena. Tulishuka hivyo sehemu yote ya barafu, yeye akiwa hatua mbili chini yangu ili nikiteleza nimkute yeye kwanza. Ilituchukua karibu saa nzima. Watu tisa walitungoja kwenye baridi, na hakuna hata mmoja aliyenung'unika.

Goti lilivimba wiki mbili. Lilipona, nami nikabaki klabuni. Sasa ni misimu mingi, na mimi ndiye ninayepokea zile fomu na kupanga makundi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema kwa yule atakayeijaza kwa mara ya kwanza.

Usijipime kwa rangi peke yake. Rangi za njia si kipimo kimoja duniani kote. Ufaransa huanza na kijani, halafu buluu, nyekundu na nyeusi. Austria na Uswisi kwa kawaida huanzia buluu. Marekani na Kanada hazina nyekundu kabisa: zina duara la kijani, mraba wa buluu, na almasi nyeusi moja au mbili. Isitoshe, vituo vingi hupanga rangi kwa kulinganisha njia zao, kwa hiyo buluu ya mlima mmoja inaweza kuwa kali kuliko nyekundu ya mlima mwingine. Mtu akiniandikia "nashuka buluu" sijajua kitu. Akiniandikia "nimeteleza siku nane maishani, nageuka pande zote mbili kwa skii zilizokaa kama kabari, ncha zikikaribiana mbele, naweza kusimama ninapotaka, lakini kwenye barafu naogopa," huyo nimekwisha kumpatia kundi lake kabla sijageuza ukurasa. Andika siku ulizoteleza. Andika kama skii zako zinakwenda sambamba au bado ni kabari. Andika mara ya mwisho ilikuwa lini, na kama una goti au mgongo unaokusumbua. Kiongozi anayekuuliza habari za goti lako hakuchunguzi. Anatafuta njia ya kukurudisha ukiwa mzima.

Na usihofu kupangwa mbali na rafiki zako. Mtakula pamoja, mtalala chumba kimoja, mtapanda basi moja. Zile saa tano au sita za mtelezo unahitaji watu wa mwendo wako. Aliye dhaifu kundini hupumzika kidogo kuliko wote: akifika walipo wenzake, wao wamekwisha kupumzika na wanaanza kuondoka, naye huanza tena akiwa anahema. Ajali nyingi nilizoziona hutokea namna hiyo, mchana, miguu ikiwa imechoka na mtu akiona haya kuomba dakika mbili. Ziombe.

Utaratibu wa kundi ni mwepesi, ila unadai nidhamu. Kiongozi yuko mbele, na nyuma yuko mtu wa mkia, mzoefu ambaye hampiti yeyote. Katikati kila mmoja anamjua aliye nyuma yake. Penye njia panda tunasimama mpaka wote wafike. Mnaposimama, simama chini ya waliotangulia, kamwe usisimame juu yao, kwa sababu breki zikikushinda utawafagia wote. Sogea pembeni, mahali unapoonekana na anayetoka juu, usisimame nyuma ya kilima au kwenye njia nyembamba. Hili la mahali pa kusimama halikubuniwa na klabu yetu. Shirikisho la Kimataifa la Skii (FIS) lina kanuni 10 za mwenendo mlimani, zilizowekwa mwaka 1967, na mimi huzisoma kwa sauti ndani ya basi kila safari. Nawaomba wageni washike mbili kabla ya zote: aliye nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele, na anayeanza kuondoka lazima atazame juu na chini kwanza.

Kuhusu buti nitasema kwa urefu, maana buti mbaya zimeharibu safari nyingi kuliko hali mbaya ya hewa. Wageni karibu wote huchagua kubwa. Wanavaa, vidole vinagusa mbele, wanasema zinabana, wanaomba saizi inayofuata. Ngoja kwanza. Saizi ya buti za skii ni urefu wa unyayo wako kwa sentimita. Vaa soksi moja tu, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti, isiyo na mkunjo hata mmoja. Soksi mbili hazikuongezei joto, zinakaba damu na miguu inaganda. Gonga kisigino nyuma, funga vifungo kuanzia vile vya kifundo cha mguu, kisha inama mbele hadi ugoko ukandamize ulimi wa buti. Sasa visikilize vidole: vinapaswa kurudi nyuma kidogo na kupata nafasi ya kucheza. Kisigino kisinyanyuke hata ukijaribu. Tembea nazo dakika kumi kabla ya kusaini chochote. Kisigino kikipanda juu, kila unapogeuka mguu utageuka kabla ya skii, na utadhani hujui kuteleza kumbe umevaa ndoo.

Mavazi mengine ni rahisi. Tabaka tatu: ya ndani inayofyonza jasho, ya kati yenye joto, ya nje inayozuia upepo na maji. Pamba usiivae karibu na ngozi, ikilowa hukaa na ubaridi siku nzima. Kwa wastani joto hushuka nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, wakati mionzi ya jua yenye kuunguza huongezeka kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 hizo hizo, na theluji mpya inaweza kuakisi hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo kutoka chini. Ndiyo maana watu huungua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua. Paka mafuta ya kuzuia jua huko pia. Helmeti haina mjadala.

Kama mnalala juu ya mita 2,500, kichwa kinaweza kuuma usiku wa kwanza. Kunywa maji, nenda polepole, mwambie kiongozi. Soma pia karatasi ya bima yako kabla ya kuondoka, uone kama inalipia kuokolewa mlimani, helikopta ikiwemo. Nyingi haziweki jambo hilo hadi uliombe.

Lifti ya viti, ile inayoning'inia kwenye kebo na kukupandisha mlimani, huwatisha wageni kuliko mteremko. Mzee mmoja wa klabu huwatuliza kwa kisa anachokisimulia basi linapoanza kupanda milima: lifti ya kwanza ya viti ilijengwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na mhandisi wa kampuni ya reli aliyeibuni, James Curran, aliitoa kwenye mtambo wa kupakia mikungu ya ndizi melini. Aliondoa ndoano, akaning'iniza viti. Basi nawe kaa kama mzigo mtulivu: vua kamba za fimbo mikononi, zishike zote mkono mmoja, tazama nyuma kiti kinavyokuja, keti, shusha chuma cha kujikinga. Juu, nyanyua ncha za skii, simama, ondoka hapo mara moja maana kiti kinachofuata kina watu.

Klabu haiishi kwa safari peke yake, na anayekuja siku ya basi tu hukosa nusu yake. Kabla ya msimu tunakutana kufanya mazoezi ya mapaja na ya usawa wa mwili: kukaa bila kiti mgongo ukiwa ukutani, kusimama mguu mmoja macho yamefumbwa. Anza wiki sita au nane kabla. Mapaja yasiyoandaliwa huisha siku ya tatu.

Ninachokipenda zaidi ni jioni ya nta, tunapozipaka skii nta ili ziteleze. Skii zinalazwa kifudifudi mezani, unaigusisha nta kwenye pasi na matone yanaanguka mstari mmoja kutoka ncha hadi mkia, kisha unapitisha pasi bila kusimama, mstari mwembamba wa nta iliyoyeyuka ukiifuata nyuma. Pasi ikitoa moshi, imezidi moto. Acha ipoe kabisa, kwangua kwa kibao cha plastiki mpaka udhani umeimaliza yote, piga brashi. Nta iliyobaki juu inakwamisha, inayoteleza ni ile iliyoingia ndani. Nta za zamani zenye florini zimepigwa marufuku kwenye mashindano ya Shirikisho tangu msimu wa 2023–24 kwa sababu ya sumu yake. Ukizikuta kabatini mwa klabu, usizitie pasi.

Safari za nje ya njia zilizoandaliwa, kwenye theluji isiyoguswa, ni habari nyingine. Huko hachukuliwi mtu asiyekuja kwenye zoezi la uokoaji. Kila mmoja hubeba koleo, fimbo ndefu ya kuchoma ndani ya theluji kumtafuta aliyefukiwa, na kifaa cha kutuma mawimbi ya redio, ambacho kwa viwango vya kimataifa hutumia kilohezi 457. Kiongozi hutangulia na kila mtu hupita mbele yake mmoja mmoja ahakikishe kifaa kinatuma. Simu ikae angalau sentimita 20 mbali nacho, na wakati wa kutafuta sentimita 50. Aliyefunikwa na maporomoko ya theluji ana dakika 10 hadi 15 za matumaini makubwa, baada ya hapo matumaini hushuka haraka. Helikopta mara chache hufika ndani ya muda huo. Wanaofika ni wenzako wa kundi, kwa hiyo jiulize kama unawaamini, na kama nao wana sababu ya kukuamini wewe.

Msimu uliopita kijana mmoja alileta fomu yake, kisanduku cha tatu kimetiwa alama. Nilimuuliza siku alizoteleza, akasema nne. Nikamweleza habari za vishikio, na za goti langu, na za mama yule aliyeshuka kiubavu hatua mbili chini yangu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza, "Naweza kubadilisha?" Nikampa kalamu.