Simu na mtoto mwenye usonji

SWALI: Shikamoo shangazi. Mwanangu wa miaka 7 ana usonji. Anapenda simu kuliko watu. Nimnyang'anye? Mama wa Jinja.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimnyang'anye, kaa naye. Mtoto wa kaka yangu, naye mwenye usonji, nilimrekodia uso wangu kwenye simu: nacheka, nalia, nimekasirika. Tulirudia, tukisimamisha picha kwenye macho na mdomo. Siku moja namenya matoke, nimetoka kupata habari za msiba, akanigusa shavu: "Shangazi huzuni." Mpaka leo nalisikia neno lile. Uso halisi hubadilika upesi mno kwake; wa kwenye simu humsubiri. Ndiyo maana Kaspar, roboti la Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, la kuwasaidia watoto wenye usonji, lilipewa uso usio na mambo mengi. Wewe anza na uso wako, kisha wa dada zake. Dakika 10 tu, kabla hajachoka.