Usiku wa kwanza uani na darubini: kaa na kitu kimoja

Wewe ambaye ndiyo kwanza umepata darubini na kamera ya kuifunga nyuma yake, nakuomba usiku wa kwanza uchague kitu kimoja tu angani, ukae nacho mpaka uende kulala. Najua orodha ya Charles Messier, mnajimu wa Kifaransa wa zamani, ina vitu 110 vya angani, na programu ya simu inakuonyesha vingi vikipita juu ya paa lako. Mimi usiku wangu wa kwanza nilirukia vitu tisa. Nikaamka na picha tisa za madoa, na mpaka leo siwezi kukwambia doa lipi ni lipi.

Ningekuwa wewe ningeanza na nebula (wingu la gesi na vumbi) ya kundi la nyota la Jabari, M42, yaani namba 42 kwenye orodha hiyo. Iko karibu na zile nyota tatu zilizopangana mstari kwenye mkanda wa Jabari, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300, na ina mwanga wa kutosha kukusamehe makosa mengi. Mmarekani Henry Draper aliipiga picha mwaka 1880, ya kwanza kabisa ya nebula yoyote, kwa kuacha kamera wazi dakika kama 50. Ikiwa si msimu wake, Kilimia, kile kishada cha nyota, nacho kinafaa. Nyota huwahi kuchomoza kwa dakika 4 hivi kila siku, yaani saa mbili kwa mwezi, kwa hiyo kinachochomoza leo saa kumi na moja alfajiri, baada ya miezi mitatu kitachomoza saa tano usiku. Subiri tu, ila epuka siku za mbalamwezi.

Kazi yenyewe inaanza kabla giza halijaingia. Toa darubini nje saa nzima mapema, kwa sababu kioo kilichotoka ndani kina joto, na hewa iliyo juu yake hucheza kama ile unayoiona juu ya lami jua la mchana likiwaka. Nyota zitatetemeka, utadhani umeuziwa darubini mbovu. Wakati unasubiri, linganisha ile darubini ndogo ya kulengea na hii kubwa kwa kutumia ncha ya mti au mnara ulio mbali. Elekea upande usio na jua. Jua likipita ndani ya darubini unayochungulia, hata kwa kufumba na kufumbua, jicho limekwenda.

Giza likiingia, yape macho dakika 20 hadi 30. Tumia tochi ya mwanga mwekundu hafifu, na simu ikae mfukoni, maana ukiitazama mara moja tu unaanza kuhesabu upya. Kisha chungulia kabla hujafunga kamera. Usiikazie nebula macho. Tazama pembeni yake kidogo, nayo itajitokeza, kwa kuwa katikati ya jicho ndiko kusikoona vizuri gizani. Utaona kitu cha kijivu kama moshi. Usivunjike moyo: jicho gizani halibagui rangi, na ule wekundu wa pichani, unaotokana na hidrojeni, utaukusanya kwa kamera.

Anga inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mhimili wa kile kichwa chenye mota kinachobeba darubini lazima uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Kadiri unavyokaa karibu na ikweta ndivyo ncha hiyo inavyoshuka kuelekea upeo wa macho, na huenda nyumba au miti ikaiziba. Hapo tumia dira na pima ya maji, kisha piga picha fupi. Nyota zikitoka ndefu kama mbegu za mpunga, rekebisha au punguza sekunde. Sekunde 30 zenye nyota duara ni bora kuliko dakika tano za michirizi.

Sasa fokasi, yaani kurekebisha ukali wa picha, mahali nilipolia. Usiku mmoja nilirekebisha fokasi saa tatu, nikatazama kile kioo kidogo cha kamera, nikaona nyota ni vidoti, nikaridhika. Nikapiga picha 140. Kumbe kila kitu huonekana kikali kwenye kioo kidogo. Halafu baridi ikaingia, bomba la darubini likasinyaa kidogo, na kufika saa tano nyota zilikuwa zimegeuka vipete vyenye tundu katikati. Hakuna programu iliyoweza kuziokoa. Siku hizi naelekeza kwenye nyota angavu, nakuza picha mara 10, kisha naweka mdomoni mwa darubini kile kifuniko chenye mistari alichobuni Pavel Bahtinov, mpenzi wa nyota kutoka Urusi. Unaweza kukikata mwenyewe kwa karatasi ngumu. Nyota inatoa miale mitatu. Ule wa kati ukikaa sawasawa katikati ya miwili inayokatana, umefika. Kiondoe kabla ya kuanza kupiga (nimewahi kukisahau), na urudie zoezi kila baada ya saa moja.

Kila ukirudia fokasi, mulika pia lenzi kwa tochi kutoka pembeni. Umande hauji kwa kishindo: picha zinafifia polepole na nyota zinapata ukungu, na wewe unadhani ni mawingu. Usifute kwa kitambaa. Mkanda wa joto uliozungushwa karibu na mdomo wa darubini huzuia umande, na bomba refu la karatasi ngumu linasaidia kiasi.

Piga picha nyingi ukaziunganishe baadaye. Picha 100 zikiunganishwa, chengachenga hupungua kama mara 10 kuliko kwenye picha moja. Mwishoni funika darubini, upige 20 nyingine za giza tupu kwa sekunde zilezile na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ileile. Programu itazitumia kuondoa vidoti vya joto la kamera. Kisha, kamera ikiwa bado mahali pake na fokasi haijaguswa, tandaza kitambaa cheupe mdomoni mwa darubini, umulike kwa mwanga sawia, upige nyingine 20. Hizo ndizo zitakazoondoa vivuli vya vumbi. Ukishaifungua kamera, nafasi hiyo imepotea.

Ukiingiza vifaa ndani, usiwahi kufunika lenzi iliyolowa. Iache wazi, imeinama kidogo, mpaka ikauke yenyewe. Yangu moja niliifungia sandukuni na umande wake, na sasa ina alama za kuvu pembeni ya kioo, mfano wa utando wa buibui.