Nyumba ilipigwa mnada Marekani: utakopeshwa tena lini?

Ndugu uliyeuliza kama mnada umekufungia milango ya mkopo wa nyumba Marekani: haujakufungia, ila hesabu tarehe vizuri. Mkopo wa FHA (unaodhaminiwa na serikali) husubiriwa miaka 3, VA ya waliotumikia jeshi kwa kawaida miaka 2, mkopo wa kawaida unaofuata masharti ya Fannie Mae (kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki) miaka 7. Hapa ndipo wengi hukataliwa: hesabu haianzi siku uliyohama, huanza hati ya umiliki ilipotoka kwenye jina lako, pengine miezi mingi baadaye. Kachukue kaunti nakala ya hati iliyosajiliwa, usome tarehe yake kabla hujaomba. FHA kwa mwenye alama za mkopo (kipimo cha unavyolipa madeni) 580 au zaidi hutaka kianzio cha 3.5%: nyumba ya dola 200,000, dola 7,000. Alama 500 hadi 579, kianzio ni 10%, yaani dola 20,000.