Majina Mengi Kabatini, Mwenye Mali Mmoja: Maswali Yenu Kuhusu Miwani

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini miwani ni ghali, na ni nani hasa anayeipanga bei yake. Tumechagua nne, na kila moja tumeijibu kwa urefu unaolingana na uzito wake.

Assalaamu alaikum, Mhariri. Nilipokwenda Dar es Salaam kwa matibabu niliingia katika duka la miwani, nikaonyeshwa fremu za Ray-Ban, Persol, Vogue na Prada, na muuzaji akanieleza sifa za kila kampuni. Mwanangu aliyeko Uingereza ananambia kwamba zote hizo zinatoka katika mkono mmoja, na kwamba bei yake ni ya kupangwa tu. Yupi mkweli kati yao?
*Mwalimu mstaafu, Chake Chake*

Wa alaikumu salaam, Maalim. Mwanao yuko karibu zaidi na ukweli. Ray-Ban, Persol na Vogue Eyewear ni mali ya kampuni moja iitwayo EssilorLuxottica, iliyotokana na kuungana kwa Essilor ya Ufaransa na Luxottica ya Italia. Prada haimilikiwi nayo. Ni kampuni ya mitindo inayojitegemea, ambayo imeipa EssilorLuxottica leseni ya kutengeneza na kuuza miwani kwa jina lake. Makubaliano ya namna hiyo yamefanywa pia na Chanel, Versace, Burberry na Giorgio Armani. Kwa hiyo muuzaji wako alikueleza tofauti za majina na mitindo akidhani, au akitaka udhani, kwamba ni tofauti za wenye mali. Mimi simlaumu sana, kwa sababu kabati la duka halionyeshi mwenye mali ni nani, na wauzaji wengi nao hujifunza kwa kulitazama kabati hilo hilo.

Inafaa kueleza nguvu hii ilivyojengwa. Leonardo Del Vecchio, aliyelelewa katika kituo cha mayatima mjini Milan, alianzisha Luxottica mwaka 1961 katika mji mdogo wa Agordo, kaskazini mwa Italia, na mwanzoni kazi yake ilikuwa kutengeneza vipande vya fremu kwa ajili ya kampuni nyingine. Mwaka 1995 aliinunua kampuni ya Marekani iliyokuwa ikimiliki maduka ya LensCrafters, mwaka 1999 akaichukua Ray-Ban kutoka kwa Bausch & Lomb, na mwaka 2001 akainunua Sunglass Hut, ambayo ilikuwa na maduka mengi sana ya miwani ya jua. Mtengenezaji sasa akawa ndiye mwenye duka, na jambo lililofuata ningependa ulitazame kwa makini.

Wakati huo kampuni ya Oakley ya California ilikuwa ikishindana na Ray-Ban, na sehemu kubwa ya miwani yake iliuzwa katika maduka hayo hayo ya Sunglass Hut. Miezi michache baada ya maduka kununuliwa na Luxottica, oda za Oakley zilipunguzwa sana, na bei ya hisa zake ikaporomoka. Baadaye pande mbili zilipatana, lakini ilipofika mwaka 2007 Oakley yenyewe ilinunuliwa na Luxottica kwa takriban dola bilioni 2.1 za Marekani. Sisemi kwamba sheria ilivunjwa, kwa kuwa mwenye duka ana haki ya kuchagua bidhaa atakazouza. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye kiwanda na duka kwa pamoja anaweza kumfungia mshindani wake mlango wa sokoni bila ya kushusha bei yake hata senti moja, na mnunuzi aliyesimama mbele ya kabati hatatambua kwamba kuna kitu kilichoondolewa.

Kuhusu bei ya kupangwa, mwanao hakutia chumvi nyingi. Mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa iliitoza Luxottica faini ya euro milioni 125 kwa kuwabana wauzaji wa rejareja wasipunguze bei za miwani yake. Miaka miwili kabla ya hapo E. Dean Butler, aliyeianzisha LensCrafters mwaka 1983 na ambaye alikwisha kuachana nayo, aliliambia gazeti la Los Angeles Times kwamba fremu yenye ubora wa majina makubwa inaweza kupatikana kiwandani kwa dola 15, na lenzi nzuri kwa dola moja na robo kila moja. Kati ya kiwanda na pua yako kuna usafiri, kodi, pango la duka, mshahara wa mpimaji na lenzi zinazoharibika wakati wa kuchongwa, na gharama hizo ni za kweli, hasa kwetu sisi ambao bidhaa hutufikia kwa meli na kwa mikono mingi. Hata hivyo, gharama hizo peke yake haziwezi kuieleza bei inayopanda mara kumi au ishirini, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni malipo ya jina.

Nikuongezee jambo moja ili tusimdhulumu mtu. Washindani wapo: Safilo, Marcolin na Kering Eyewear katika fremu, Hoya na Zeiss katika lenzi, na viwanda vingi vya China visivyo na majina makubwa, ambavyo hutengeneza sehemu kubwa ya miwani inayouzwa hapa Visiwani. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba miwani yote duniani ni ya mtu mmoja. Ni sahihi kusema kwamba ukiingia katika duka la fahari ukachagua kati ya majina manne, huenda hujachagua kati ya wauzaji wanne.

Kama mambo ni hayo, serikali za Ulaya na Marekani, zinazojigamba kwa sheria za ushindani, ziliruhusu vipi muungano wa kampuni mbili kubwa namna hiyo?
*Msomaji wa Wete*

Swali lako ni la haki, ndugu yetu. Essilor ya Ufaransa, iliyoundwa mwaka 1972, ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika lenzi, na Luxottica ilikuwa kubwa kuliko zote katika fremu. Zilitangaza nia ya kuungana Januari 2017. Kamisheni ya Ulaya ilifanya uchunguzi wa kina, ikakusanya maoni ya wauza miwani karibu 4,000, na Machi 2018 ikaukubali muungano bila ya sharti; mamlaka ya Marekani nayo ikafunga uchunguzi wake siku hizo hizo. Hoja yao ilikuwa kwamba mmoja anauza lenzi na mwengine anauza fremu, hivyo hawashindani moja kwa moja, na kwamba haikuthibitika kuwa wangeweza kuwalazimisha wauzaji kuchukua vyote viwili kwa pamoja.

Kwa maoni yangu, hoja hiyo iliangalia zaidi kama bei itapanda kesho, na haikuangalia vya kutosha hali ya muuza miwani mdogo, ambaye anainunua lenzi kwa kampuni ile ile inayofungua duka mkabala na lake. Wakaguzi wenyewe walikuwa wakali zaidi mara ya pili: EssilorLuxottica ilipotaka kuinunua GrandVision, yenye maduka zaidi ya 7,000, idhini ya mwaka 2021 ilitolewa kwa sharti la kuuza maduka zaidi ya 300 katika nchi za Ubelgiji, Italia na Uholanzi.

Mimi nashona kofia za mkono, na tangu mwaka juzi vitobo sivioni vizuri mpaka niisogeze kofia mbali na uso. Nilikwenda duka moja mjini, nikapimwa macho bure, kisha nikatajiwa shilingi 280,000 kwa miwani kamili bila ya kuelezwa ni za nini na nini. Nilipoomba karatasi ya vipimo ili nikaulizie kwengine, niliambiwa kwamba karatasi ni ya duka. Je, hii ni haki?
*Mshoni wa kofia, Unguja*

Si haki, dada yetu, na barua yako ndiyo iliyonifanya niiweke mada hii mbele ya nyengine zote. Duka ulilokwenda si kampuni kubwa ya dunia, na pengine halinunui chochote kutoka kwao, lakini lililokufanyia ni lile lile tulilolieleza hapo juu: limemzuia mnunuzi asimfikie mshindani. Vipimo ni habari za macho yako. Marekani, ambako makampuni haya yana nguvu nyingi, kuna kanuni tangu mwaka 1978 inayomtaka mpimaji amkabidhi mteja karatasi yake mara baada ya kumpima, bila ya kuombwa na bila ya malipo ya ziada. Kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu ya malalamiko kama yako, na ningependa kuona yetu ikiandikwa kwa maneno yaliyo wazi kama hayo.

Kwa sasa, uliza kabla hujaketi kwenye kiti cha kupimiwa: "Nikimaliza nitapewa karatasi?" Ukiambiwa hapana, usikae. Kipimo kinachoitwa bure kwa kawaida kimeshaingizwa ndani ya bei ya miwani, na ni nafuu zaidi kulipia kipimo peke yake, kwa mfano katika kliniki ya macho ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, kisha ukatoka na namba zako mkononi. Hakikisha kwamba karatasi ina namba za kila jicho mbali mbali, pamoja na umbali wa mboni mbili kwa milimita. Kipimo hicho cha mwisho maduka mengi hayakiandiki, na bila ya hicho duka jengine haliwezi kuchonga lenzi zako vizuri mpaka likipime lenyewe.

Ukienda kupimwa, chukua kofia yako na sindano. Mpimaji hutumia maandishi yanayoshikwa kwa umbali wa kusomea kitabu, lakini wewe huenda unaishika kazi karibu zaidi ya hapo, au mapajani, na tofauti hiyo hubadilisha nguvu ya lenzi inayokufaa. Keti kama unavyoketi nyumbani, mwambie akupime hapo. Mshoni anayehitaji kuona karibu tu hutoshwa na lenzi ya kawaida yenye nguvu moja. Lenzi zinazobadilika nguvu polepole kutoka juu hadi chini, za aina iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1959 kwa jina la Varilux, ni kazi nzuri sana kwa mtu anayehitaji kuona mbali na karibu bila ya kuvua miwani, lakini ni ghali, na hutakiwi kuuziwa kwa sababu tu ndizo zenye faida kubwa kwa duka.

Kisha omba bei igawanywe: fremu kiasi gani, lenzi kiasi gani, kuchonga na kufunga kiasi gani, na kila rangi au ulinzi wa mikwaruzo kiasi gani. Fremu nayo itazame ndani ya mkono wake. Utakuta tarakimu kama 52, 18 na 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi, ya pili ni nafasi ya pua, ya tatu ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Ukizinakili tarakimu hizo unaweza kutafuta fremu yenye vipimo hivyo hivyo katika duka jengine, isiyo na jina la mtu, na ikakukaa usoni sawasawa.

Ukitaka kulalamika, mahali pake ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, chini ya sheria ya mwaka 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji. Wengi hupiga simu kwa tume ya Dar es Salaam na kupoteza muda, kwa kuwa sheria yake ya mwaka 2003 inahusu Tanzania Bara. Andika tarehe, bei uliyotajiwa na maneno uliyojibiwa, na ukiwa umelipa chochote ambatisha risiti.

Baba yangu hununua miwani ya kusomea ya rahisi, ya kupachika tu, pale Darajani kila akija Unguja. Wenye maduka makubwa wanasema inaharibu macho. Nimkataze?
*Msomaji wa Mkoani*

Usimkataze. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi iliyomo ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kuona vya karibu. Hilo huja na umri, na miwani hailiongezi wala hailiponyeshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 wana tatizo hilo bila ya kupata miwani inayowafaa, ilhali dawa yake mara nyingi ni hiyo hiyo miwani rahisi. Utafiti uliofanywa vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 uliona kwamba waliopewa miwani ya kusomea bure kipato chao kilizidi kwa takriban theluthi moja. Hii pia ndiyo sehemu ya soko ambayo majina makubwa hayajaishika, kwa sababu viwanda ni vingi na mnunuzi hujaribu mwenyewe papo hapo, na bei yake inaonyesha ushindani unavyofanya kazi unapoachwa ufanye kazi.

Upungufu wake ni kwamba lenzi zote mbili zina nguvu sawa, kwa hiyo kama macho ya baba yako yametofautiana ataumwa na kichwa au atachoka haraka. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni jengine: presha ya macho haina maumivu kwa wengi wanaoipata, na anayejinunulia miwani miaka nenda miaka rudi bila ya kupimwa anaweza kuipoteza nuru polepole bila ya kujua. Mpeleke kwanza akapimwe hospitali ya Chake Chake, na presha ya macho ikaguliwe. Kama hakuna tatizo na macho yake yanalingana, aendelee kununua Darajani kwa namba atakayopewa.